UZI: Mtoto wa darasa la pili anasomea nyumbani, malengo yake unayawekaje? (Tanga)

Mama Ngamiani (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wanajamvi, habari za saa hizi.

Tangu niseme humu kwamba mwanangu anasomea nyumbani, ujumbe ninaoupata unarudia swali lilelile: "Unajuaje kama anasonga mbele?" Nimeona niufungulie uzi kabisa, maana kumjibu mmoja mmoja naacha mengi, na wapo wazazi wengi wa watoto wenye maradhi ya muda mrefu wanaohangaika na jambo hili kimyakimya.

Mwanangu ana miaka 8, yuko darasa la pili, ana selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu. Wenye watoto wa hali hii mnajua: wiki hii mzima anakimbia uani, wiki ijayo miguu inamuuma hata shuka hataki limguse. Tulikubaliana na shule yake hapa mjini kwamba kwa sasa asomee nyumbani, jina lake libaki kwenye daftari la mahudhurio na mwalimu wa darasa awe anaona kazi zake. Hajaacha shule, na hilo mlishike kabla ya yote.

Sasa malengo. Mimi naamini lengo la mtoto ni kitu ambacho utamwona anakifanya mbele ya macho yako, peke yake, bila kumwonyesha. "Tumalize kitabu cha Kuhesabu kabla ya Juni" hilo ni lengo la mzazi. Kitabu kinaweza kuisha na mtoto akabaki palepale. Kwa hiyo nikiandika lengo lazima liwe na kitenzi ninachoweza kukishuhudia: atasoma, atatoa, atapima, ataeleza. Sikubali "ataelewa", kwa sababu kuelewa sikuoni mpaka afanye kitu.

Kabla ya kuandika lolote, jueni mtoto amesimama wapi. Msitazame darasa lake, mtazameni yeye. Kwenye kusoma nilichukua ukurasa wa hadithi asiyowahi kuiona, nikamwambia asome kwa sauti kwa dakika moja, mimi nina nakala yangu na penseli. Kila alipokwama naweka alama ndogo, simkatizi. Alipomaliza nikatazama alama ziko wapi. Hazikutawanyika ovyo: zilijazana kwenye konsonanti mwambatano, yaani herufi zinazofuatana bila irabu kati yake. "Kunywa" alisoma "kunya", "shangwe" akaikata vipande viwili, "ng'ombe" na "ngoma" kwake mwanzo wake ulikuwa sauti ileile. Maneno mengine yote yalimtoka vizuri. Pale lengo lilijiandika lenyewe: *atasoma ukurasa mmoja wa hadithi mpya bila kukwama kwenye maneno yenye nyw, mbw, ngw na ng', kisha atanisimulia nani alifanya nini na kwa sababu gani.* Hiyo sehemu ya kusimulia msiiache. Kuna watoto wanasoma kama maji, ukiwauliza walichosoma kinahusu nini wanakutazama tu.

Kwenye hesabu nilimpa kutoa kwa mamia. 345 toa 121 alifanya haraka. Nikampa 302 toa 148, akasimama. Mbili haitoi nane, anajua akakope kwa jirani, na jirani ana sifuri. Akaandika 246, yaani kila mahali alitoa ndogo kwenye kubwa ili mambo yaishe. Kosa hili walimu wanalijua sana, na halitibiwi kwa kumpa hesabu zaidi za karatasi. Tulitoka nje tukakata vijiti vya ukuti, tukafunga kumi kumi kwa nyuzi za mkonge (Tanga hii mkonge haukosekani), kisha mafungu kumi tukayafunga pamoja yakawa mia. Nikamwekea 302: mafungu matatu makubwa na vijiti viwili. "Nipe 148." Akahangaika, kisha mwenyewe akafungua fungu moja la mia, yakatoka mafungu kumi ya kumi kumi. Akalifungua moja la kumi, vijiti vikawa kumi na viwili. Akatoa nane, akatoa mafungu manne kwenye tisa yaliyobaki, akatoa mia moja kwenye mbili. Zikabaki 154. Alizihesabu tena polepole, akaniangalia akasema, "Kumbe mia ilikuwa na makumi ndani!"

Lengo lake la hesabu likawa: *atatoa namba za tarakimu tatu zenye sifuri katikati, kwenye karatasi, na ataeleza amekopa wapi.* Vijiti ni njia ya kufika. Anapoweza kufanya bila vijiti na kueleza, lengo limetimia.

Lengo la tatu ni la kuandika: barua kwa bibi yake Lushoto, sentensi tano, kila moja ianze kwa herufi kubwa na iishe kwa nukta, ieleze jambo moja lililotokea. Bibi anajibu kweli, na hilo linamfanya aandike vizuri kuliko ningemsimamia mimi.

Hayo matatu ndiyo malengo ya nusu muhula. Mambo mengine yote anayojifunza, na ni mengi, yanakuja bila mimi kuyapima.

Malengo yetu yanakaa kwenye wiki, hayakai kwenye siku. Ratiba ya saa mbili Kusoma, saa tatu Kuhesabu inavunjika siku ya kwanza ya maumivu, na mtoto anajiona ameshindwa wakati ni mwili tu umemkatalia. Kwa wiki najua ninataka vipindi vichache vya kusoma na vichache vya hesabu, kila kimoja dakika 30 kama shuleni kwa madarasa ya chini. Vikipatikana Jumatatu na Jumanne, sawa. Vikipatikana Ijumaa baada ya swala, sawa pia. Siku ya maumivu hakuna somo, ni maji mengi, dawa, kumfunika asipate baridi, na mimi namsomea hadithi kama anataka. Simwambii kwamba kesho atafidia.

Jumamosi nakaa na daftari. Kila lengo naliandikia moja kati ya haya: *anaweza mwenyewe*, *anaweza akisaidiwa*, *bado*. Na chini yake mstari mmoja wa ushahidi, kwa mfano "amesoma kunywa na nywele sawa, mbwembwe bado." Daftari hilo ndilo analoliona mwalimu wake.

Karibuni tujadiliane.

---

Baba wa Bagamoyo

Dada, uzi mzuri sana, Mungu ampe nafuu mtoto. Mimi niko Bagamoyo, binti yangu ni mzima wa afya, anaingia darasa la tatu. Darasa lao limejaa mno na nimekuwa nikifikiria kumtoa moja kwa moja, nimfundishe mimi na mke wangu, sote tuna elimu. Je, utaratibu ukoje? Na mtaala unautoa wapi?

---

Mama Ngamiani

Kaka, ahsante kwa dua.

Nianze na utaratibu kwa sababu ndio mzito. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka mtoto akifika miaka 7 aandikishwe shule, na mzazi ana wajibu wa kuhakikisha anahudhuria. Kwa hiyo kumtoa mtoto mzima na kumfundisha nyumbani bila shule yoyote kumtambua si jambo ninaloweza kukushauri. Halafu fikiria mbele: darasa la nne kuna upimaji wa kitaifa wa Baraza la Mitihani, na mtoto anaufanya kupitia shule. Kila mwanafunzi wa msingi ana namba yake ya usajili, inaitwa PREM, na ndiyo inayomfuata akihama na anaposajiliwa mtihani. Mtoto asiyeonekana kwenye mfumo atakusumbua wakati huna muda wa kurekebisha. Kaa na mwalimu mkuu, nenda kwa afisa elimu kata, zungumzeni. Sisi tulikwenda na cheti cha daktari mkononi.

Lakini kaka, binti akibaki shuleni bado unaweza kufanya haya yote jioni. Darasa likiwa limejaa ndipo mtoto anapohitaji mtu wa nyumbani anayejua hasa anakwama wapi. Mwalimu mwenye watoto wengi hawezi kukaa na penseli akahesabu alama za kila mmoja.

Mtaala: Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao, vitabu vya kiada unavisoma humo bila kulipa. Tafuta pia mihtasari ya masomo. Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024, ukianzia madarasa ya awali, la kwanza na la tatu, hivyo hakikisha unatazama muhtasari mpya, usiende na vitabu vya kaka zake. Elimu ya msingi kwa utaratibu huu inaishia darasa la sita: walioanza la tatu mwaka 2024 ndio wanaolimaliza darasa la sita 2027. Binti yako naye yumo kwenye utaratibu huu wa miaka sita. Ukiendelea na hesabu ya miaka saba kichwani utampangia vibaya.

Na darasa la tatu masomo yanaongezeka ghafla. Huku chini watoto wanashinda na kusoma, kuandika na kuhesabu, kule kunakuja Sayansi, Jiografia na Mazingira, Historia ya Tanzania na Maadili. Yote yanataka mtoto asome aya nzima aelewe. Ningekuwa wewe, lengo la kwanza la binti lingekuwa la kusoma kwa ufahamu, mengine yasubiri.

---

Mwalimu Mstaafu, Muheza

Wanajamvi, nimefundisha madarasa ya chini muda mrefu, naomba niseme kidogo.

Binti yangu Mama Ngamiani, umenifurahisha kwenye 302 toa 148. Wazazi wengi wanaona jibu ni kosa, wanachapa au wanakemea. Wewe umeuliza kosa limetoka wapi.

Naongeza haya. Ukifungua muhtasari utaona jedwali lenye umahiri mkuu, umahiri mahususi, shughuli za ujifunzaji, kisha kuna safu ya *vigezo vya upimaji*. Wazazi wengi wanasoma safu za mwanzo wanachoka. Waambie waanze na hiyo ya vigezo. Pale pameandikwa mtoto afanye nini ili useme amefaulu, na ndicho hicho unachokitafuta unaposema kitenzi cha kushuhudiwa. Pia kuna idadi ya vipindi. Inakupa picha ni mada ipi nzito, ipi nyepesi.

Ila sikubaliani nawe sehemu mbili. Malengo matatu kwa nusu muhula ni machache. Shuleni azimio la kazi, yaani mpango wa mwalimu wa kufundisha, lina mada nyingi zaidi ya hapo, na mtoto atakaporudi darasani wenzake watakuwa mbali. La pili, anayefundisha ni wewe, anayepima ni wewe, na wewe ni mama. Sikio la mama linasikia "kunywa" hata mtoto akisema "kunya".

---

Mama Ngamiani

Shikamoo mwalimu. Nashukuru sana kwa kuja kwenye uzi.

La kupima nimelichukua lote. Kuanzia Jumamosi hii mtoto atakuwa anasoma mbele ya shangazi yake, na shangazi nitampa penseli na nakala, asijue mtoto amefundishwa nini wiki hiyo. Na wengine mnaosoma, lifanyeni hilo kama mna mtu.

La idadi, mwalimu wangu, niruhusu nibaki na matatu. Sababu yangu ni hii: mada nyingi za darasa la pili zinapita mtoto akiwa na misingi hiyo mitatu. Akisoma vizuri, kitabu cha afya na mazingira anakisoma mwenyewe kitandani. Akishindwa kusoma, nikimwekea malengo kumi yote kumi yatakuwa lengo moja la kusoma lililovaa majina tofauti. Na kwa mtoto ambaye hajui wiki ijayo ataamka vipi, orodha ndefu inamtisha. Mada za azimio tunazipitia, mwalimu wake ananipa, ila sizipimi kwa ukali huo. Kwa mtoto mzima mwenye siku tano kamili za wiki, nakubali unaweza kuongeza.

---

Mwalimu Mstaafu, Muheza

Marahaba binti yangu. Kwa hali ya mtoto wako nimekuelewa. Kwa wale wenye watoto wazima, matano hadi sita, yasizidi. Na kila lengo likitimia lifutwe hadharani, mtoto alifute kwa mkono wake.

---

Shangazi wa Pangani

Mimi swali langu ni wenzake. Mtoto wa miaka minane kukaa na mama kutwa, si atakosa michezo, kugombana, kupatana? Hilo nalo ni elimu. Na je, yeye mwenyewe kuna anachokitaka, au malengo yote ni ya mama?

---

Mama Ngamiani

Shangazi umegusa penyewe.

Wenzake: alasiri akiwa mzima anakwenda chuo (madrasa), watoto wamejaa, maalim anajua hali yake, anamwacha akalie jamvi karibu na ukuta asipigwe na upepo. Binamu zake wanakuja jioni. Mwenzake mmoja wa darasani anamletea habari za shule kila Ijumaa, na hilo ni muhimu kwangu kuliko mengi, maana siku ya kurudi asijione mgeni. Sijaliandika kama lengo la kupimwa. Nalitazama tu.

Anachokitaka yeye: kila nusu muhula kuna lengo moja analichagua mwenyewe, mimi siligusi. Safari hii alichagua silikanti. Mjomba wake ni mvuvi, aliwahi kumsimulia juu ya samaki huyu ambaye wataalamu walidhani alishatoweka duniani mamilioni ya miaka iliyopita, mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, na ambaye huku kwetu ana hifadhi yake ya bahari. Mtoto akasema anataka kujua yote ya silikanti na kumweleza mjomba kitu ambacho mjomba hajui. Kwa ajili ya huo 1938 tu amejifunza kusoma maelfu, ambayo mimi sikuwa nimeyapanga kabisa. Amemchora na mapezi yake yale yanayofanana na miguu mifupi, akaandika majina ya sehemu za mwili. Mjomba aliulizwa maswali mpaka akaomba kwenda kulala.

Kutoka hapo akaingia kwenye maji. Nyinyi wa pwani mnaelewa. Alikuwa anasikia bamvua (maji yakijaa na kupwa sana) na maji mafu (yakijaa na kupwa kidogo) kila siku bila kujua sababu. Tukaanza kuandika saa ya maji kujaa. Leo yamejaa saa nne asubuhi, kesho saa tano kasoro dakika kumi, keshokutwa yamesogea tena. Akagundua mwenyewe kwamba kila siku yanachelewa karibu dakika 50. Saa ya mishale iliyokuwa inamshinda kitabuni ameijua kwa sababu anataka kujua mjomba atarudi lini. Usiku tunatazama mwezi: ukiwa mwandamo au mpevu, bamvua linakuja, kwa kuwa jua na mwezi vinavuta maji vikiwa kwenye mstari mmoja. Hilo analieleza kwa machungwa mawili na taa, na analieleza sawasawa.

Kwa hiyo shangazi, ndiyo, lipo lake. Na ndilo analoamka nalo.

---

Dada wa Makorora

Nimesoma uzi wote, nimefarijika. Wangu ana tatizo la moyo, yuko la kwanza, tunasubiri kliniki. Nikuulize, sehemu za hesabu kama robo na nusu unazifundishaje bila vifaa? Na Kiingereza je? Mimi mwenyewe Kiingereza changu cha kuungaunga.

---

Mama Ngamiani

Pole sana mdogo wangu, Mungu amjalie.

Robo na nusu: una pishi au kibaba nyumbani? Pishi moja ni vibaba vinne. Mpe mchele, ajaze pishi kwa kibaba, ahesabu. Kibaba kimoja ni robo pishi, viwili ni nusu. Kama huna, chukua kikombe kidogo na kopo linalobeba vikombe vinne. Wa darasa la kwanza asiandike chochote kwanza, amimine tu, aseme. Lengo liwe: *atanipimia nusu na robo nikimwomba, bila kukosea.* Mchele wa mchana aupime yeye kwa kopo.

Kiingereza namwachia mwalimu ajibu, maana siku hizi kinaanza darasa la kwanza na mimi ninakwenda nacho polepole.

---

Mwalimu Mstaafu, Muheza

Binti wa Makorora, usiogope Kiingereza chako. Kwa mtoto wa la kwanza lengo ni kusikia na kusema, kusoma kunakuja nyuma. Chagua mambo ya nyumbani anayoyaona kila siku: viungo vya mwili, vyombo vya jikoni, rangi, salamu. Maneno matano kwa wiki yanatosha. Ayatumie kwenye amri fupi anazozitii kwa vitendo, kama kukuletea kijiko chekundu au kufunga mlango. Matamshi msikilizeni kwenye redio au kwenye simu, mrudie pamoja, wewe na yeye mkiwa wanafunzi wote wawili.

Jambo moja ninalokusihi: asianze kusoma Kiingereza kwenye karatasi kabla hajasoma silabi za Kiswahili bila kukwama. Kiswahili kinasomeka kama kinavyoandikwa, Kiingereza hapana. Nimeona watoto wengi wanaochanganywa mapema, "a" wanaisoma "ei" kwenye "baba" na "mama". Kiswahili kikishakaa, kule ataingia haraka.

Na mpeleke maktaba ya mkoa pale mjini siku akiwa na nguvu, akae na vitabu vya picha achague mwenyewe. Kliniki ikipangwa, beba kimoja cha kusoma mkiwa kwenye foleni.

---

Dada wa Makorora

Ahsante mwalimu, ahsante dada yangu. Kopo na kikombe ninavyo. Naanza kesho na nusu, robo nitaileta wiki ijayo, nitarudi hapa kuwaambia amefika wapi.